Nani Anamubeba Kule

Ng'ombe ndio waliotangulia kujua. Kabla watu wa kilima hawajaanza kunong'ona, kabla Katekista Théophile hajaulizwa swali lililomnyima usingizi, ng'ombe wa Sebarenzi walikuwa wameshaacha kula majani mahali pale.

Hayo yalikuwa juu ya kilima cha Bihambwe, mwaka wa hamsini na tatu, majira ya ukungu. Kila alasiri ukungu ulipanda kutoka bondeni polepole, ukimeza kwanza mashamba ya maharagi, kisha migomba, kisha malisho ya chini. Ulipofika kwenye malisho hayo, ng'ombe waliacha kutafuna. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine mpaka kwenye tuta dogo la udongo, wakalizunguka, wakainamisha vichwa. Nzi waliwatulia machoni nao hawakupunga hata mkia. Walisimama hivyo mpaka ukungu ukawapita na kwenda juu kwenye msitu, ndipo waliporudi kula kana kwamba hakuna lililotokea.

Chini ya tuta lile alilala mtoto wa kwanza wa Mukamurenzi, mke wa Sebarenzi.

Alizaliwa asubuhi na kufa asubuhi hiyohiyo. Mkunga wake alikuwa bibi yake, Mama Mukandori, mama mzazi wa Sebarenzi, mkristo wa siku nyingi mwenye rozari iliyokwisha kulainika kwa vidole. Alipoona mtoto anageuka rangi, Mukandori alijua la kufanya. Kila mkristo alifundishwa: padri akiwa mbali na mtoto akiwa anakufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Akageuka kutafuta maji. Mtungi ulikuwa mtupu. Maji yote yalikuwa yamekwisha katika kazi ya kuzaa, na yaliyobaki katika beseni yalikuwa na damu.

Mukandori aliyatazama yale maji akaona haya. Utampaje Mungu mtoto kwa maji kama yale? Karibu na mlango kilisimama kibuyu cha maziwa ambacho Sebarenzi alikuwa apeleke kwenye laiteri ya Mzungu, kule chini ambako walitengeneza siagi na jibini. Katika nyumba ile hakukuwa na kitu safi kupita maziwa. Yalifunikwa, hayakurukwa, hayakusemewa neno baya. Basi Mukandori akachukua kibuyu, akainamisha juu ya paji dogo la uso, akasema bila kukosea hata neno moja:

"Viateur, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Tone moja liliteremka mpaka mdomoni. Mtoto akatoa ulimi, akalilamba. Halafu hakupumua tena.

Théophile alipofika kusali aliuliza, kama alivyopaswa kuuliza, maji yalitoka wapi.

"Haikuwa maji, Papa," Mukandori akajibu, akimwita baba kwa heshima, na kulikuwa na fahari kidogo katika sauti yake. "Ilikuwa maziwa. Maziwa ya ng'ombe yetu Gaju, safi kabisa."

Katekista aliketi juu ya kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye moyo mwema ambao aliuficha nyuma ya koti lake la kaki.

"Mama," akasema, "maziwa haibatize."

"Ile maji ya beseni ilikuwa na damu, Papa."

"Ile ingefaa."

"Ile chafu?"

"Ile chafu, Mama. Iko maji."

Tangu siku ile Mukandori hakuonja maziwa tena. Na kwa kuwa mtoto hakuhesabiwa kuwa amebatizwa, hakuzikwa ndani ya ua wa kapela pamoja na wakristo. Walimchimbia katika malisho ya chini, bila msalaba, bila jina. Sebarenzi mwenyewe ndiye aliyechimba, naye hakumtazama mtu yeyote usoni, na watu walisema ni uchungu.

*

Mukamurenzi hakuwa mkristo bado. Alikuwa mkatekumeni, alikuwa amesoma mafundisho kwa muda mrefu, na Padri atakapokuja safari yake kutoka misheni angemuuliza maswali na kumbatiza. Jina alikuwa ameshalichagua: Emérence. Alikuwa mwanamke mpole, wa kusema kwa sauti ndogo huku mkono umefunika mdomo. Lakini baada ya msiba kitu kilimtokea ambacho hakumwambia mtu. Wanawake walikuwa wamemfunga kifua kwa kitambaa mpaka maziwa yakakauka, na kweli yalikauka. Ila kila alasiri, hata kama alikuwa ndani ya nyumba asiweze kuona nje, nguo yake ya kifuani ililowa ghafla. Akitoka mlangoni aliona ukungu ndio kwanza umefika kwenye malisho ya chini, na ng'ombe wamesimama.

Watu walianza kuepuka njia ile. Kuna waliomshauri Sebarenzi ajenge kijumba kidogo cha majani juu ya tuta na kuweka maziwa ndani yake, kama walivyofanya wazee kwa wafu wenye kiu. Sebarenzi alikataa kwa ukali hata wakashangaa. Alihamishia ng'ombe malisho ya juu. Alasiri ng'ombe walivunja ua, wakateremka.

Siku moja katika kapela, baada ya somo, Théophile alikunja mikono na kusema kama kawaida yake, "Sasa mwenye swali aulize." Saa ile watu waliipenda kupita somo lenyewe. Wa kwanza kusimama alikuwa Hakorimana, mchuuzi wa maharagi, ambaye alizunguka mpaka Walikale na kurudi na mafuta ya mawese na maneno mengi.

"Papa Katekista, niko mu njia ya Mpofi, mu pori katikati. Muntu anakufa mbele yangu, analilia ubatizo. Maji haiko. Niko na kasiksi tu, ile pombe ya ndizi. Nifanye je?"

"Kwanza uniambie ile kasiksi unaipeleka kwa nani, na ulisema umeacha."

Watu wakacheka. Hakorimana akashika kichwa. "Papa, iko mufano tu!"

"Basi sikia mufano. Kasiksi, hapana. Umande ya mu majani, ndiyo. Mvua, ndiyo. Maji ya matope, kama inatiririka, ndiyo. Mate, hapana."

"Na mazi..." Hakorimana akaanza, akajiziba mdomo, lakini nusu ya neno ilikuwa imeshatoka.

Kicheko kilikatika. Kule nyuma, upande wa wanawake, Mukamurenzi alikuwa amesimama. Mkono wake haukufunika mdomo.

"Papa Katekista, ule mutoto wangu iko wapi?"

Théophile alilijua jibu. Alikuwa amelisoma kwa moyo akiwa kijana, na hakuwahi kufikiri kwamba jibu linaweza kuwa zito mdomoni namna ile.

"Iko pahali pa pole, Mama. Haumwi. Halie. Lakini haone uso wa Mungu."

"Na mimi, nikibatizwa, na nikikufa vizuri?"

"Utaenda mbinguni. Utaona Mungu."

"Yeye hatakuwa kule."

Théophile akatazama chini. "Hapana, Mama. Hatakuwa."

"Sasa kule kwenye iko, nani anamubeba?"

Mtoto mchanga wa mtu alikuwa akinyonya katika benchi la mbele, na sauti ile ndogo ya kunyonya ilijaza kapela yote.

"Alikufa hajafundishwa hata kushika shingo," Mukamurenzi akasema. "Kichwa yake inaanguka kama hakuna muntu wa kuishika. Kama mimi nitaenda kule juu na yeye iko pahali pengine, basi Padri akiniuliza kama ninataka ubatizo nitasema hapana. Nitabaki inje na yeye."

Akaketi. Théophile alifunga somo bila wimbo. Wanasema jioni ile mke wake alimwekea ugali, naye akauacha mpaka ukawa jiwe.

*

Kesho yake alasiri nguo ya Mukamurenzi ilipolowa, hakukaa nyumbani. Alishuka.

Ukungu ulikuwa mzito hata hakuona miguu yake. Aliwafikia ng'ombe kwa kuwagusa. Mbavu zao zilikuwa za moto na nywele zao zimejaa matone madogo. Hawakumpisha wala hawakumzuia. Akapenya katikati ya Gaju, yule ng'ombe mwekundu, na mwenzake, akasimama ndani ya duara.

Hapo ndipo aliposikia. Ilikuwa sauti ndogo sana, ya kunyonya na kumeza, kunyonya na kumeza, kisha kupumzika kama mtoto aliyechoka kidogo, kisha tena. Haikutoka juu. Mukamurenzi akapiga magoti kando ya tuta.

Gaju alikuwa anatoa maziwa. Hakuna mkono uliomgusa wala ndama aliyekuwa karibu, lakini matone yalidondoka kutoka chuchu zake na kuangukia udongo, na udongo haukulowa. Kila tone lilipotua lilipotea kama lililopokelewa. Mukamurenzi akanyoosha kiganja chini yake. Kilipojaa akakileta karibu na macho.

Hayakuwa meupe. Yalikuwa maangavu kama maji ya kijito, na rangi ya maziwa ilikuwa ndani yake kwa mbali, kama ukungu uliochelewa kuondoka.

Hatua zikaja nyuma yake. Alikuwa Sebarenzi, amefuata ng'ombe wake na fimbo mkononi. Mukamurenzi alimwonyesha kiganja.

"Angalia hii."

Akaangalia. "Imetoka wapi?"

"Mu Gaju. Sasa hivi. Angalia namna iko. Iko kama muntu ametiamo maji."

Uso wa Sebarenzi ukawa wa majivu. Alishika mkono wa mkewe na kuufuta kwa nguo yake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka ngozi ikauma. Halafu akageuka na kuingia katika ukungu bila kuwaswaga ng'ombe, na Mukamurenzi akamsikia akijikwaa, akianguka, akiinuka, akienda.

Mukamurenzi alidhani mumewe ameogopa mzimu.

*

Padri alifika mwisho wa juma lile, mzee wa ndevu za kijivu, viatu vyake vimejaa tope la njia. Waliweka meza ndani ya kapela, na wakatekumeni wakapita mmoja mmoja huku jamaa zao wamejazana mlangoni. Mungu ni nani? Nafsi za Mungu ni ngapi? Nani alikufa msalabani? Mukamurenzi alijibu yote kwa sauti yake ndogo, bila kukosea. Théophile alisimama kando ya Padri.

"Vizuri sana," Padri akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Sasa, mutoto wangu, unaomba nini? Unataka ubatizo?"

Mukamurenzi hakujibu.

"Hajasikia," Padri akasema.

"Amesikia, Padri," Théophile akanong'ona. "Mutoto wake alikufa. Walimubatiza na maziwa. Anaogopa kwenda mbinguni bila yeye."

Padri akaweka mikono juu ya meza, akamtazama yule mwanamke. "Ni kweli hii?"

"Ni kweli, Padri. Kama hakuna muntu wa kumubeba kule, mimi..." Akavuta pumzi ili amalize, na kila mtu pale ndani alijua neno litakalofuata.

"Haikuwa maziwa!"

Watu wa mlangoni wakageuka. Sebarenzi aliwasukuma akaingia, kofia imekunjwa mkononi, akaenda kusimama mbele ya meza kama mtu anayesimama mbele ya hakimu.

"Haikuwa maziwa, Padri. Ao ilikuwa maziwa kidogo tu. Ile asubuhi nilitoka na kibuyu, naenda laiteri. Nikateleza pale kwenye kijito. Ikamwangika karibu yote. Nikafikiri: nikifika na kibuyu tupu, watasema Sebarenzi amekunywa maziwa mu njia, ao ng'ombe yake imekauka. Nikaingiza kibuyu mu kijito. Nikajaza. Halafu nikasikia wanaita, Mukamurenzi ameshikwa na uchungu, nikarudi mbio. Nikaiweka karibu na mulango."

Mlangoni wanaume waliguna. Katika vilima vile mtu angeweza kusamehewa mambo mengi, lakini kutia maji katika maziwa halikuwa neno la kusemwa mbele ya watu. Mtu aliyefanya hivyo hakunywewa maziwa yake. Mama Mukandori, aliyekuwa ameketi karibu na ukuta na rozari yake, alisimama polepole.

"Wewe mutoto," akasema. "Uliniona nakataa maziwa siku zote hizi. Ulinyamaza?"

"Nilisikia haya, Mama."

"Ulichimba ile shimo, na ulijua."

"Nilisikia haya."

Padri aliinua mkono watu wanyamaze. "Maji ilikuwa namna gani? Nusu?"

"Zaidi, Padri. Rangi tu njo ilibakia ya maziwa."

"Rangi tu."

"Rangi, na harufu kidogo."

Yule mzee akafungua kinywa mara moja, akakifunga. Théophile aliyekuwa akimtazama alielewa, kwa mshangao mkubwa, kwamba hata Padri hakuwa na jibu la kusoma kwa moyo.

"Siwezi kusema alibatizwa," Padri akasema mwishowe. "Siwezi kusema hakubatizwa. Kama kulikuwa na maji ya kutosha, basi alibatizwa, na iko mbinguni leo. Kama haikutosha..." Akapapasa ndevu. "Mimi sikuwa pale. Mungu alikuwa pale, aliona ndani ya kibuyu. Kanisa likiwa na mashaka, linazika mutoto ndani ya ua. Mumutoe kule. Mumulete leo."

Kisha akamgeukia Mukamurenzi. "Umeuliza nani anamubeba. Nataka nikuambie Mungu mwenyewe. Unaweza kuamini ile?"

Mukamurenzi alitazama kiganja chake, kile ambacho mumewe alikuwa amekifuta. Bado kilikuwa na wekundu.

"Nitaona kwanza," akasema.

*

Walimfukua alasiri ileile. Sebarenzi alichimba na Théophile akapokea udongo kwa mikono, koti lake la kaki likachafuka mpaka mabegani. Ukungu ulipanda kama desturi, na ng'ombe wakaja kama desturi, wakasimama duara nyuma ya watu, karibu kiasi kwamba pumzi zao ziliwapata watu shingoni. Hakuna aliyethubutu kuwafukuza.

Mkeka mdogo ulitoka mkavu. Udongo wote ulikuwa na unyevu wa majira yale, ila mkeka ulikuwa mkavu kama uliotoka juani, na haukunuka kifo. Mukandori aliinama akaunusa, akafunika uso kwa kitambaa chake.

"Iko na harufu ya mutoto," akasema. "Ya mutoto ameshiba."

Mukamurenzi aliubeba mwenyewe. Aliweka mkono wake wa kushoto mahali ambapo shingo ingekuwa. Walipanda kilima katika weupe ule bila kuonana, wakisikilizana kwa miguu tu, na nyuma yao walisikia kwato. Ng'ombe walifuata mpaka kwenye ua wa kapela, na pale kwenye lango la miti wakasimama. Padri alisali. Théophile alisema jina kwa sauti, Viateur, na wakachomeka msalaba. Udongo ulipofunika mkeka, Gaju alilia mara moja, kilio kirefu cha ng'ombe anayeita ndama aliye salama upande wa pili wa mto. Kisha wote wakageuka, wakashuka kula majani.

Mukamurenzi aligusa kifua chake. Nguo ilikuwa kavu.

Asubuhi iliyofuata, Padri alipouliza tena anaomba nini, alijibu, "Ubatizo," na sauti yake ilifika mpaka mlangoni. Sebarenzi alikuwa pale nyuma, peke yake katika benchi zima. Tangu hapo laiteri haikuyapokea maziwa yake kwa muda mrefu, na Hakorimana kila alipompita njiani alimwita kwa sauti: "Kaka, hauna ile ya kubatiza? Niko nasafiri Mpofi!" Lakini Mama Mukandori alianza kunywa maziwa tena, na alikunywa ya mwanawe, mbele ya watu, kikombe kizima.

Asubuhi ile Padri akachukua jagi. Kila mtu aliyaona maji yale. Théophile mwenyewe alikuwa ameyachota kwenye kijito alfajiri, maangavu, yenye baridi ya kuumiza meno. Yakamwagwa juu ya kichwa kilichoinama. Emérence, ninakubatiza. Yaliteremka pajini, kando ya pua, mpaka kwenye midomo, naye bila kukusudia akatoa ulimi, akalamba tone moja.

Akafungua macho. Akamtazama Padri, kisha jagi, kisha mlango ulio wazi ambako ukungu wa asubuhi ulikuwa umesimama bila kuingia.

"Nini, mutoto wangu?" Padri akauliza polepole.

"Hakuna kitu, Padri," akasema, na mkono wake ukapanda kufunika mdomo, kama zamani. Chini ya mkono alikuwa akitabasamu, na mdomoni mwake, ikiwa bado vuguvugu, ilikuwemo ladha ya maziwa.